Uyukuti, Nchi ya Ukutani

Chumba tulicholala mimi na dada yangu kilikuwa nyuma ya nyumba, upande unaopokea mvua. Aliyewahi kuishi Tukuyu atanielewa. Kwetu mvua haiji ikaondoka. Inakaa, kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba. Maji yalipenya kwenye udongo wa ukuta, chokaa ikavimba ikabanduka, likabaki doa kubwa la rangi ya chai iliyokauka kikombeni, lenye kingo zilizojipindapinda. Mama alilipaka chokaa mara nyingi, na kila mara doa lilirudi. Mwishowe akaliacha.

Dada yangu ndiye aliyelitazama doa lile akaona nchi. Alikuwa amelala kitandani magoti yamevimba, na mimi nimekaa chini namenya ndizi za mchana. Akaniambia nimletee chaki ya baba, ile bapa ya mafundi cherehani. Akainuka polepole, akalizungushia doa mstari mweupe. Pale palipoingia ndani akasema ni ghuba, pale palipochomoza akasema ni rasi. Maneno hayo aliyapata darasani kabla hajaacha shule. Mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

"Hili ni bara," akasema.

"Bara gani?"

Akafikiri kidogo. "Andika Tukuyu, halafu soma kuanzia mwisho."

Niliandika kwa kidole sakafuni. "Uyukut."

"Tia i mwishoni, litamkike."

Ndivyo Uyukuti lilivyopata jina.

Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akafika huku milimani, akaoa, hakurudi tena. Baba mwenyewe bahari hakuwahi kuiona, ila aliizungumzia kama mtu anayezungumzia shamba la ukoo. Mama alikuwa binti wa Ikuti, mtoto wa wakulima wa migomba na chai, aliyebatizwa na kukulia kanisani. Alipoolewa na baba akasilimu. Bibi, mama yake, hakumsamehe kwa jambo hilo mpaka anakufa, lakini hakuacha hata mara moja kutuletea ndizi.

Baba alikodi baraza la duka karibu na soko. Hapo ndipo alipoweka cherehani yake, pasi ya mkaa na meza ya kukatia. Alishona sare za shule, kanzu za Idi, majoho ya kwaya na mashati ya walimu. Nilipokuwa mdogo kabisa maduka hayakuwa na kitu. Nakumbuka tukipanga foleni ya sabuni na mama akirudi mikono mitupu. Mtu aliyepata kitambaa wakati ule alikileta kwa baba amekikunja kifuani kama mtoto mchanga. Kisha ikaja ruksa, serikali ikaruhusu bidhaa za nje. Watu wakaanza kulitaja neno hilo kila mahali, mara kwa furaha, mara kwa mzaha. Maduka yakajaa sabuni za rangi, betri, redio, mafuta ya kujipaka yanayonukia. Na mitumba ikaja. Siku za mnada marobota yalishushwa, kamba zikakatwa, watu wakayainamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Shati lililoshonwa tayari, lenye vifungo vyake vyote, liliuzwa kwa bei isiyotosha hata kununua kitambaa chake.

Mwanzoni baba alicheka. "Nguo za maiti wa Ulaya," alisema, maana ndivyo watu walivyoziita. "Nani atazivaa?"

Walizivaa watu wote, hata imamu.

Ugonjwa wa dada ulianza na mafindofindo, ya kawaida tu. Mama alimsukutulisha maji ya chumvi, yakapoa. Baadaye viungo vikaanza kuuma. Leo goti, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu, kana kwamba maumivu yalikuwa yanatafuta mahali pa kukaa. Kisha yakaingia kwenye pumzi yake. Akawa anasimama katikati ya mwinuko wa kwenda shule, amejishika kiuno, wenzake wanampita. Wazazi wakampeleka hospitali ya misheni kule Igogwe. Mimi niliwafuata kubeba chupa ya uji. Muuguzi mmoja wa makamo alimweleza mama taratibu, kwa Kinyakyusa, na mama akamtafsiria baba. Alisema moyo una milango. Ya binti huyu imeharibiwa na ile homa ya viungo, haifungi sawasawa, hivyo damu ikisukumwa kwenda mbele, nyingine inarudi ilikotoka. Atachomwa sindano kila mwezi. Asibebe maji, asilime, asipande milima. Kuhusu kuitengeneza milango yenyewe, alisema kazi hiyo hufanyika mbali, ng'ambo.

"Asipande milima," baba alirudia tukiwa njiani kurudi. "Rungwe hii! Sasa mtoto apite wapi?"

Ndipo dada akaacha shule, akabaki na ukuta.

Jimbo la kwanza la Uyukuti liliitwa Pumzi. Lilikuwa katikati ya bara, tambarare tupu isiyo hata na kichuguu, kwa sababu dada alitaka mahali mtu anapoweza kutembea asubuhi hadi jioni asisimame kushika kiuno. Alilipaka unga wa tofali, likawa jekundu. Kaskazini akaweka Manyunyu, nchi ya mvua na ukungu. Alisema huko ndiko walikotoka watu wa zamani na hawana haja ya kurudi. Milima ya Manyunyu aliichora kwa mkaa, na ule mrefu kuliko yote akauita Usinipande. Misitu tuliifikichia majani ya maboga. Bahari aliipaka bluu ya kufulia aliyoiloweka kwenye kifuniko cha chupa. Mama alipotaka kufua mashuka ya Ijumaa akakuta karatasi tupu, akaja chumbani kugomba, akaiona bahari, akatoka.

Kazi yangu ilikuwa kuleta habari. Nikirudi shule, kabla sijavua sare, dada aliuliza, "Leo jiografia mmefika wapi?" Siku moja nilimweleza kwamba mwalimu kasema upepo unaotoka ziwani ukipanda mlima unaacha mvua upande mmoja, na ukishukia upande wa pili unakuwa mkavu.

Dada aliutazama ukuta. "Basi msitu huu hauwezi kuwa hapa," akasema. "Upo upande mkavu." Akashika ncha ya kanga yake, akaanza kuufuta.

Mimi ndiye niliyeyafikicha majani yale mpaka vidole vikanuka siku mbili. Nikakasirika. "Si nchi ya kubuni? Weka msitu popote unapotaka!"

"Ya kubuni ndiyo," akajibu, "lakini si ya kipumbavu."

Hata hivyo mto wake mkubwa, ulioitwa Kirudi, ulipingana na masomo yote. Ulitoka Usinipande, ukapita Pumzi, ukakaribia bahari, kisha sehemu ya maji yake ikageuka na kupanda kurudi mlimani. Nikamwambia mwalimu amesema maji hayapandi. Alikubali kufuta msitu, alikubali kuhamisha jangwa, lakini mto huo hakuugusa.

"Huu unarudi," alisema. "Mto mmoja tu. Niachie."

Nikamwachia. Nilikuwepo Igogwe siku ile, nimeshika chupa ya uji, nikayasikia maneno ya muuguzi kama alivyoyasikia yeye.

Bibi alipokuja kutoka Ikuti na kikapu chake alikaa kwenye kigoda mbele ya ukuta, akavua kitambaa cha kichwa, akatazama kila pembe. Kiswahili chake kilikuwa na sauti ya kwao, herufi ya r haikumkaa mdomoni, na kila aliyemsemesha alimwita gwe, yaani wewe.

"Gwe, watu wa huko wanakula nini?"

"Hatujaamua, bibi," dada akasema.

"Hamjaamua? Mmeweka milima, mmeweka bahali, watu wanakufa njaa, ninyi mmekaa mnachola tu!" Akainuka, akaweka kidole kigumu cheusi chini ya milima. "Hapa pana maji. Udongo wa hapa ni mweusi, naujua. Migomba hapa. Na ng'ombe muwape. Nchi haina ng'ombe, mwanaume ataoa na nini?"

Likazaliwa jimbo la Migombani. Bibi kila alipokuja aliuliza mvua imenyesha vipi huko kwake na ng'ombe wamezaa wangapi, na dada alimjibu bila kucheka. Nadhani ndiyo furaha kubwa ambayo bibi aliwahi kuipata nyumbani kwetu.

Nilipofika darasa la sita mwalimu wetu alitupeleka kupanda mlima Rungwe. Wiki nzima dada hakuzungumza jambo jingine. Upande wa mashariki wa Uyukuti ulikuwa bado mtupu, na alitaka kujua nchi inavyoisha mtu akiitazama kutoka juu. "Usitazame mji wetu, huo naujua," alinihimiza. "Tazama upande wa pili. Uangalie kama nchi inakatika ghafla au inafifia. Rangi inakuwaje mbali. Usije ukasahau."

Tulipanda tangu alfajiri, tukapita kwenye migomba, kisha msituni penye miti yenye ndevu za kuvu, kisha kwenye majani baridi yaliyotulowesha mpaka mapajani. Wavulana walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nayapanga maneno nitakayompelekea. Tulipofika juu hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umefunga pande zote, mweupe, mzito, hata mwenzangu aliyesimama karibu nami nilimwona kama kivuli. Mwalimu akasema tungoje. Tulingoja, meno yanagongana, mpaka akasema tushuke.

Nilishuka nikilia, na wenzangu wakadhani nimeumia mguu. Njiani niliwaza kumtungia dada kitu. Ningeweza kusema niliona Ziwa Nyasa linang'aa, niliona milima ya bluu ya ng'ambo. Mambo hayo niliwahi kuyasikia kwa watu. Lakini nilipoingia chumbani na kumkuta ameketi amejifunika kanga mbili, chaki iko tayari mkononi, sikuweza.

"Hakuna nilichoona," nikamwambia. "Ukungu tu. Pande zote."

Niliuona uso wake ukishuka, kisha ukajikusanya tena.

"Mweupe kabisa au wa kijivu?"

"Mweupe. Kwa chini kidogo ulikuwa kijivu."

"Ulikuwa unasogea?"

"Ulikuwa unasogea kuja kwetu."

Akachukua majivu ya jikoni niliyomletea kwenye kigae, akayachanganya na chokaa, akaupaka upande wote wa mashariki. Alipaka taratibu, anapumzika, anapaka tena. "Basi bara linaishia hapa," akasema. "Hapa hapajulikani." Nami nikakaa karibu yake nikimshikia kigae, nguo zangu bado mbichi.

Mwaka uliofuata baba alianza kurudi nyumbani mapema. Wateja walikuwa wamebaki wa Idi na wa kuzika, maana sanda haiuzwi mitumbani. Siku moja ya mvua aliingia chumbani kwetu kutafuta chaki. Bibi alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake, na mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Baba alikuwa amekwisha kuulalamikia ukuta ule mara nyingi, kwamba unamlia chaki, lakini nadhani hakuwahi kusimama akautazama. Siku hiyo alisimama.

"Watu wa huku," akauliza, "wakifa wanazikwa wapi?"

Dada aligeuka kwa shauku, kana kwamba swali hilo alikuwa analingojea. "Sijui, baba. Nilitaka niwaulize."

Bibi akadakia. "Kando ya nyumba. Kwenye migomba. Aliyekufa asikie watoto wanacheza, asikie mtwangio. Ukimpeleka mbali anakuwa mgeni."

"Hapana, mama," baba akasema kwa upole. "Huzikwa makaburini, pamoja na wenzake, analazwa kwa ubavu wa kulia anaelekea Kibla."

"Kibla ya Uyukuti iko upande gani?" dada akauliza.

Baba aliusogelea ukuta. Alikuwa mtu wa dini, asiyefanya mzaha na mambo hayo. Alizitazama pande zote za ukuta, kaskazini kwenye Manyunyu, mashariki kwenye majivu. Akajikuna ndevu.

"Nchi haimo duniani," akasema polepole, "kwa hiyo siwezi kukuonyesha kwa mkono. Lakini mtu akielekeza moyo wake, Mwenyezi Mungu anajua alikokusudia kuelekea."

"Hata moyo mbovu?"

Pale mama akaweka ungo chini kwa kishindo, mchele ukamwagika. "Acheni mambo ya makaburi ndani ya nyumba yangu! Wote! Mtu mzima na ndevu zake, bibi mzima na mvi zake, mnamwekea mtoto makaburi!" Akaanza kuokota mchele punje kwa punje, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Baba alitoka bila ile chaki aliyoijia.

Dada alifariki wakati wa masika, asubuhi, mama akimnywesha uji. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa wiki kadhaa, na alikuwa analala ameketi, ameegemea mto na gunia la nguo kuukuu. Tulikuwa tumetoka naye hospitali siku chache nyuma. Mimi nilikuwa uani nasugua sufuria. Nilimsikia mama akimwita, sauti ya kawaida, kisha akamwita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote. Nilipoingia, kikombe kilikuwa bado mkononi mwa mama, hakijamwagika.

Majirani wakaja. Wanawake wa mtaani wakamwosha, wakamvika sanda aliyoikata baba mwenyewe. Alikataa fundi mwingine asiishike. Nilimwona kwenye baraza la nyumba amepiga magoti, mkasi unakwenda sawasawa kabisa, mstari umenyooka. Alasiri wanaume wakalibeba jeneza, wakashuka nalo kwenye utelezi kuelekea makaburini. Wanawake hawaendi. Nilijua hivyo tangu utoto, ila siku ile sikuelewa kwa nini dada yangu aende mahali na mimi nisimfuate.

Wakati huo ndipo bibi alipofika. Alikuwa amepata habari kwa kuchelewa, gari la kutoka Ikuti limekwama kwenye matope, ametembea sehemu kubwa ya njia. Alianza kulia tangu barabarani, kilio cha kwao, cha kuinua sauti juu na kuiangusha, akimwita marehemu kwa majina ya sifa, mikono kichwani. Alipoingia uani wanawake waliokuwa wakisoma dua wakamgeukia. Mmoja, mama mtu mzima wa kuheshimika, akamshika bega.

"Mama, pole sana. Lakini tunakuomba usipige yowe. Kwetu haifai. Umwombee kimya kimya."

Bibi akamtazama kama asiyeelewa lugha. "Nikae kimya? Mjukuu wangu amekufa, hata kabuli sijaliona, nikae kimya kama nimefiwa na kuku?"

Wote wakamtazama mama yangu, aliyekaa kwenye mkeka katikati yao, macho makavu tangu asubuhi. Upande mmoja walikuwa wenzake wa dini, waliomwosha mwanawe kwa mikono yao. Upande mwingine alikuwa mama yake, mwenye matope mpaka magotini. Mama akanyanyuka. Akamshika bibi mkono, akamwongoza kupita jikoni, kupita choo, mpaka kwenye migomba yetu michache iliyokuwa nyuma ya ua, karibu na korongo. Mimi nikawafuata.

Walipofika katikati ya migomba mama akamwachia mkono. "Hapa lia," akamwambia kwa Kinyakyusa.

Bibi akalia. Sauti yake ikajaa korongo lote. Alimwuliza Kyala, Mungu wake, kwa nini amechukua shina changa akaacha gome bovu, akijipiga kifua kuonyesha gome ni nani. Na mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kulia kimya kama walivyomfundisha waliompokea kwenye dini, akainua mikono kichwani, akalia kama alivyolia bibi, kwa maneno ya kwao. Maneno mengine sikuyajua. Nilisimama kati yao nikashika kanga ya huyu na kitenge cha yule. Mvua ilikuwa inatugonga kupitia majani ya migomba, na kule chini, ng'ambo ya korongo, wanaume walikuwa wanafukia kaburi.

Masika yale doa lilikua kuliko miaka yote. Nilipopata nguvu ya kuingia tena chumbani niliona unyevu umevuka mstari wa chaki, umeingia baharini, ukaila bluu yote ya kusini. Miaka iliyopita jambo kama hilo lingekuwa sherehe. Dada angeniamsha, tungeuchora ufuko mpya, tungegombania majina. Nilichukua chaki, nikaipeleka mpaka ukutani. Sikujua pale palipoongezeka paitweje, wala kama watu wamefika, wala mto Kirudi sasa unamwagia wapi. Nikairudisha chaki kwenye meza ya baba.

Maisha yakaendelea kama yanavyoendelea. Baba alirudisha baraza kwa mwenye duka, akahamia upande wa pili wa soko, kwenye kibanda kilicho jirani na marobota, akawa anapunguza viuno na kupinda suruali za mitumba ile ile. Watu walisema ni kazi nzuri, na kweli hakukosa wateja. Ila nyumbani hakuizungumzia. Alikuwa akirudi, anatawadha, anaswali, anakula, analala. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tulimzika Ikuti kando ya nyumba yake. Mama alisimama kaburini na kulia kwa sauti, na waliotoka mjini kumsindikiza hawakumwambia neno.

Baadaye wazazi wakaamua kile chumba kipangishwe. Mpangaji alitaka ukuta wa saruji. Fundi mwashi akaja, akaubandua udongo wa zamani kwa patasi, na Uyukuti likaanguka sakafuni vipande vipande, wekundu wa Pumzi umechanganyika na weusi wa Usinipande. Mama alikuwa amekwenda sokoni kwa makusudi. Baba alisimama mlangoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Fundi alipomuuliza kama kuna tatizo, alisema hakuna, endelea.

Nilisoma, nikapata kazi Mbeya, nikaolewa. Kwa dada yangu tulikuwa tukisoma dua kila mwaka, lakini kuhusu lile bara hakuna aliyegusia. Nilidhani wamesahau, na mimi mwenyewe nilianza kusahau. Nilikuwa nikijaribu kuyapanga majimbo kichwani ninaposhindwa kusinzia, nikakuta magharibi hayakai sawa, kuna kisiwa nakumbuka umbo lake lakini jina sina. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kisha mwaka mmoja nilikwenda nyumbani Idi. Baba alikuwa mzee, macho yamepungua, cherehani ameiacha. Tulikaa nje baada ya chakula, siku moja ya jua, zile chache. Akaniuliza ghafla, "Wewe ulifika kusini?"

Nilidhani anasema Lindi au Mtwara. "Kusini wapi, baba?"

"Kule kwa dada yako."

Kusini nilikokujua mimi kulikuwa bahari tu.

"Ulikuwa shule," akasema. "Mimi sina mteja, narudi mchana, nakaa naye. Kuchora alikuwa hawezi tena, mkono ulikuwa umeisha. Alikuwa anasema, mimi nasikiliza. Alisema ng'ambo ya ile bahari kuna mji. Una barabara moja pana, imenyooka, na nyumba zote zina baraza. Kila baraza lina fundi. Watu wanaleta vitambaa, wanakaa wanangoja, wanapewa kahawa, hakuna mwenye haraka." Akatabasamu kidogo. "Nikamwambia, mwanangu, mafundi wote hao wanamshonea nani? Akasema huko mtu havai nguo ya mtu mwingine. Isipokuwa mdogo akivaa ya dada yake."

Gauni lake la kijani la Idi nililivaa baada ya msiba, mwaka baada ya mwaka, mpaka likanibana kwapani na mama akaninyang'anya. Sikujua kama walikuwa wamelizungumza jambo hilo wawili wao, dada akiwa hai, akijua kwamba hataishi.

"Mji huo aliuitaje?" nikauliza.

Baba akafumba macho. Akajaribu jina moja, akatikisa kichwa. Akajaribu jingine, akalitamka mara mbili, likamkataa. Nilimngoja. Midomo yake iliendelea kutafuta bila sauti kwa muda mrefu.

"Limenitoka," akasema hatimaye. "Nilikuwa nalo miaka yote hii, mwanangu. Limenitoka sasa hivi."

Nikamwambia si kitu, litarudi. Nikasogeza kiti changu karibu na chake, na tukakaa hivyo mpaka mama alipotuita ndani kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka.